Usitazame Rangi, Tafuta Mkia

Kila mwaka milima ya Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma, Tanzania, huungua. Nyasi huanza kukauka Juni, moto wa mchungaji au wa mtu anayesafisha shamba hupanda mteremko, na mvua za kwanza zinapodondoka mwezi Oktoba, vilima vya jirani na Kabanga, wilayani Kasulu, huwa na mabaka meusi ya majivu. Mgeni atadhani hapo hakuna cha kutazama. Kumbe ndizo wiki zenyewe: maua ya porini huchomoza kwenye majivu hayohayo, mengine bila hata jani moja.

Akiba yao iko chini ya udongo, kwenye viazi, matunguu na mashina mazito ambayo moto hauyafikii. Mwaka 1976 mtaalamu wa mimea Frank White aliandika juu ya mimea ya miti ya Afrika yenye tabia hiyo, akaiita misitu ya chini ya ardhi. Juu unaona kichaka kinachoishia kwenye kifundo cha mguu. Chini kuna mti mzima.

Tabia ya kuchanua bila majani humsumbua anayetaka kulijua ua. Boophone disticha, mmea wa mbugani unaopatikana nchi nyingi za mashariki na kusini mwa Afrika, una tunguu kubwa lenye sumu. Maua yake ya waridi hutangulia, majani yaliyojipanga kama upepeo hufuata baadaye. Aliyepita Oktoba ameona ua, aliyepita Januari ameona majani, na wakikutana kijiweni watabishana kuhusu mimea miwili.

Swali la kwanza la watu wengi huwa ni rangi. Ndilo swali baya kuliko yote. Gladiolus dalenii, gladiola ya mwituni iliyoenea kutoka Afrika Kusini hadi Ethiopia na magharibi mwa Arabuni, huwa ya njano mahali fulani, ya machungwa kwingine, na kwingine nyekundu yenye madoa, na bado ni spishi ileile. Upande wa pili, okidi mbili nyeupe zilizosimama hatua chache moja kutoka kwa nyingine zinaweza kuwa spishi tofauti kabisa.

Kwa okidi za ardhini, ambazo ndizo zinazowatoa jasho hata wazoefu, jicho lianzie kwenye mkia, yaani ule mfuko mwembamba unaoning'inia nyuma ya ua na kubeba nekta. Geuza ua taratibu bila kulichuma. Ikiwa mdomo wa ua uko juu, umejikunja kuwa kofia, na nyuma yake kuna mikia miwili, hiyo ni Satyrium. Kukiwa na mkia mmoja unaotoka kwenye sepali ya juu, fikiria Disa. Mkia ukitoka kwenye mdomo ulio chini, na petali zimegawanyika vipande viwili, huenda ni Habenaria, na hapo urefu wa mkia upimwe kwa rula, kwa sababu kuna spishi ambazo mkia wake huzidi sentimita 10, zikimsubiri nondo mwenye ulimi wa kuufikia. Eulophia mkia wake ni mfupi, mara nyingine ni uvimbe tu.

Kishawishi cha kung'oa ni kikubwa. Ukichimbua Disa au Satyrium utakuta viazi viwili: kimoja kimesinyaa, ndicho kilicholisha shina la mwaka huu, na kingine ni kigumu, kimejaa, ndicho mmea wa mwaka ujao. Mchimbaji huchukua hicho cha pili.

Kusini mwa nchi kiazi hicho ni biashara. Kinakaushwa, kinatwangwa, kinachanganywa na unga wa karanga, pilipili na magadi, kisha kinapikwa kuwa chikanda, kitafunwa kinachopendwa sana Zambia. Mwaka 2003 Tim Davenport na Henry Ndangalasi walikadiria katika jarida la Oryx kwamba viazi kati ya milioni 2.2 na 4.1 vilikuwa vikivuka kwenda Zambia kila mwaka kutoka Tanzania. Okidi zote zimo kwenye CITES, mkataba unaodhibiti biashara ya kimataifa ya mimea na wanyama walio hatarini, lakini afisa wa mpakani hawezi kusoma jina la spishi kwenye kiazi kikavu. Ndiyo maana Sarina Veldman wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Uswidi, pamoja na wenzake waligeukia vinasaba ili kujua kilichomo ndani ya magunia.

Anayetaka jina la uhakika la ua la Kabanga hatimaye atafika kwenye Flora of Tropical East Africa, kazi iliyoanza kuchapishwa mwaka 1952 ikamalizika 2012, yenye spishi zaidi ya 12,000. Juzuu za okidi zilitoka 1968, 1984 na 1989. Humo Tanzania Bara imegawanywa maeneo manane, na Buha, yaani eneo la Kasulu na Kibondo, imo kwenye T4 pamoja na Kigoma, Tabora, Nzega, Kahama, Mpanda na Ufipa. Msomaji awe macho: ua lililoandikiwa T4 linaweza kuwa lilichumwa Sumbawanga, mamia ya kilomita kutoka Kasulu. Isitoshe, watafiti wa zamani walivutwa zaidi na Usambara, ambako kituo cha Amani kilianza kukusanya mimea mwaka 1902 kabla mkusanyiko huo haujahamishiwa Nairobi mwaka 1950. Uchache wa sampuli na uchache wa mmea ni mambo mawili.

Sampuli yenyewe, kwa mwenye kibali cha kukusanya, bado hukaushwa ndani ya gazeti. Karatasi ya gazeti hunyonya maji vizuri kuliko ile nyeupe inayong'aa, ingawa lazima ibadilishwe mara kwa mara, la sivyo petali huota ukungu. Rangi huandikwa siku hiyohiyo, kwani hufifia, pamoja na tarehe, mwinuko, aina ya udongo na kama mteremko uliungua.

Asiye na kibali ana simu. Apige ua kwa mbele, kisha kwa ubavu ili mkia uonekane, apige sehemu jani linapotokea, na mmea mzima pamoja na mteremko wake. Picha hizo zinaweza kuwekwa iNaturalist, jukwaa lililoanzishwa mwaka 2008, ambako wataalamu huzipitia. Zina uzito: Shirika la uhifadhi la IUCN linapopima eneo la spishi huhesabu miraba ya kilomita 2 kwa 2, hivyo sehemu moja mpya iliyothibitishwa nje ya miraba hiyo huongeza kilomita za mraba 4. Na kwa spishi zilizo hatarini, iNaturalist huficha mahali halisi ndani ya eneo la takriban kilomita 20 kwa 20, ili mnunuzi wa viazi asipate ramani ya bure.