Sonona ya Wazee na Asili Yake Mwilini

Katika Tabora, ambako misafara ya pembe ilitua Unyanyembe kabla ya kushika njia ya Ujiji au kurudi Bagamoyo, si ajabu kumwona mzee aliyekuwa mkunjufu wa maneno akijitenga na baraza, akisukuma sahani ya ugali, akiamka kabla ya alfajiri na kukaa kimya. Na jamaa zake husema ni uzee tu, au ni msiba wa mkewe, au kuna mkono wa mtu. Msiba una haki yake, wala sikanushi. Walakini huzuni inayopita majuma mawili, ikamnyima mtu hamu, usingizi na chakula, ni maradhi, nayo ni sonona, ambayo kwa wazee aghalabu ina mzizi mwilini.

Shinikizo la damu na kisukari, yakiachwa miaka mingi bila tiba, hukaza na kuziba mishipa myembamba ilishayo sehemu za ndani za ubongo, zipitamo nyuzi zinazounganisha makao ya hisia na sehemu ya mbele inayopanga na kuazimia. Na nyuzi hizo zikikosa damu, mzee hupooza azma kabla hajapooza mkono. Pengine halii wala hasemi ana huzuni: huwa mzito wa fikra, hajali, na watu wakamwita mvivu. Baada ya kiharusi kilicho dhahiri, karibu mgonjwa mmoja katika kila watatu hupatwa na sonona. Tumbaku huzidisha madhara ya mishipa, ijapokuwa si neno la kupendeza kulisema Urambo, inakolimwa.

Iko pia tezi ya shingo. Wapagazi walibeba chumvi ya chemchemi za Uvinza kama mali ya thamani. Lakini chumvi isiyotiwa madini joto haiitoshelezi tezi, na hata penye madini joto hayo, tezi ya mzee huweza kulegea kwa maradhi yake yenyewe, mwili ukaona baridi, sauti ikakwaruza, mawazo yakaenda taratibu, mpaka ikadhaniwa ni sonona tupu.

Kwa hiyo mzee kama huyo akifikishwa Hospitali ya Kitete, yampasa tabibu apime shinikizo, sukari, wingi wa damu na tezi kabla ya kuandika dawa. Na dawa yenyewe aianze kwa kiasi kidogo, kwa maana amitiriptilini, iliyo ya zamani na ya bei nafuu, huweza kumvuruga mzee fahamu, kumfungia mkojo, na kumtia kizunguzungu ainukapo usiku, na nyonga ikivunjika katika umri huo, ni taabu ya pili juu ya ile ya kwanza.