Mtu Hujikomboa au Hukombolewa?

Shangazi yangu wa Nambale hakusomea sarufi, lakini likizo iliyopita alinikosoa kitenzi. Nilikuwa nimemweleza kwamba kila alfajiri huketi chini ya mwembe wa marehemu baba nikijaribu kujikomboa. Akaweka kikombe chake cha chai chini. "Mwana wa kaka yangu," akasema, "mtu hajikomboi. Hukombolewa." Ni mtu wa wokovu tangu ujana wake, na kwake kiambishi kile kidogo, "ji", kimejaa kiburi.

Sikumjibu papo hapo. Msomaji naye na asikie kisa kwanza.

Kwa miaka 7 sikusalimiana na ndugu yangu wa tumbo moja. Baba alipofariki, mstari wa mikonge uliotenganisha shamba lake na langu ulisogezwa hatua chache kuja upande wangu. Nami, mtu mwenye shahada ya uzamivu, nifundishaye vijana maana na mantiki, nilizibeba hatua zile hadi darasani, mezani na kitandani. Shamba lilipungua kidogo; mimi nilitekwa mzima. Kanisani niliimba na wenzangu, nikatoka mwepesi. Jioni mikonge ikarudi.

Njia niliyoishika sikuiagiza ng'ambo. Nimeufundisha mara nyingi utenzi wa Al-Inkishafi, uliotungwa na Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir takriban miaka 200 iliyopita, nikieleza vina, mizani na lahaja. Jambo moja nililipita mbio: mshairi hamsemi jirani wala mtawala. Anausemesha moyo wake mwenyewe, anaukemea kwa usingizi wake, kisha anautembeza katika majumba ya Pate yaliyogeuka magofu. Mtu mmoja amekuwa msemaji na msemeshwa.

Kisha yuko Abdilatif Abdalla, aliyefungwa miaka 3 kuanzia 1969 kwa sababu ya waraka wake "Kenya: Twendapi?" Gerezani, kwa siri, alitunga juu ya karatasi za msalani mashairi yaliyochapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Mojawapo, "Mnazi: Vuta N'kuvute", ni mabishano ya wawili wanaogombea mnazi. Wahakiki huyasoma kisiasa, na ni haki yao. Mimi nilishikwa na jambo jingine: mfungwa aliyetengwa na watu ameyatamka maneno ya pande zote mbili.

Basi alfajiri nilianza kuuita moyo, "omwoyo" kama tunavyosema kwetu, na kuuhoji kwa nafsi ya pili: wewe, wataka nini? Ulijibu daima kwamba wataka mikonge irudishwe. Baada ya majuma mengi nilithubutu jambo gumu zaidi, kumpa ndugu yangu nafsi ya kwanza. "Mimi ndimi niliyebaki kumuuguza baba," akasema kwa kinywa changu, "nawe ulikuwa Nairobi ukituma pesa na salamu." Siku hiyo nilikaa pale mpaka jua likanichoma.

Juma lile nilikwenda Malaba, anakofanya kazi na madereva wa malori. Kutoka Busia nilipanda bodaboda, neno lililozaliwa papo hapo Busia, na wale waliovusha abiria kwa baiskeli kutoka boda hadi boda. Nilimpa mkono, akaupokea. Tulizungumzia mvua na bei ya mahindi. Mikonge hatukuitaja.

Nilirudi nikijisemea, "Nimejikomboa." Hilo lilikuwa kosa la njeo. Siku ya nne nilipita kando ya mikonge ile, nikaisikia hasira ikipanda kama kwamba sijapata kuketi chini ya mwembe hata siku moja. Aghalabu wanaosifu ukombozi wa nafsi husimulia siku ya kufunguliwa. Asubuhi zinazofuata hawazisemi sana, ilhali kazi yote iko huko.

Hapo ndipo niliporudi kwa shangazi na jibu langu. Nilimwonyesha kwamba yeye mwenyewe hakusema mtu "amekombolewa". Alisema "hukombolewa", kwa "hu" ile ya mazoea, ya jambo litendekalo tena na tena. Juu ya kauli ya kutendwa bado tunabishana. Juu ya njeo tunakubaliana.

Alicheka sana, akasema mwalimu ni mwalimu hata jikoni. Kisha akaniuliza kama ndugu yangu atakuja Krismasi. Nikamwambia nitamwalika, na kwamba sijui nitaamkaje siku hiyo.