Kufunga Hoja kwa Kuunganisha Matawi

Watunzi wa programu za kompyuta wana desturi moja ambayo bado haijapata istilahi zilizotulia katika Kiswahili. Msimbo wa programu huwekwa katika ghala moja, na kila anayetaka kusahihisha jambo hutoa kwanza nakala yake ya kufanyia kazi, akaisahihisha pembeni, kisha akairudisha katika msimbo mkuu. Kazi hiyo husimamiwa na Git, chombo alichokibuni Linus Torvalds mwaka 2005. Sambamba na ghala hutunzwa daftari la kasoro na maombi, kila moja na namba yake. Katika GitHub, iliyofunguliwa mwaka 2008, na katika GitLab pia, mtunzi akiandika neno fulani la kufunga, likafuatwa na alama ya reli na namba ya kasoro, basi mara masahihisho yake yanapoingia katika msimbo mkuu, mtambo huifunga kasoro hiyo bila ya mtu kuigusa. Yakiingia mahali pengine pasipo msimbo mkuu, haifungwi.

Dhana ya kwanza ni ile nakala ya pembeni, ambayo wengi huiita tawi. Tawi la mti, hata hivyo, likishachipua halirudi tena shinani. Tukiutazama mto Simiyu tunaona kinyume chake: Duma ni tawimto lake na huungana nao kabla ya kufika Ziwa Viktoria, lakini Duma haukuanzia katika Simiyu. Neno lililo karibu zaidi na maana ni mchepuo. Aliyesafiri kati ya Lamadi na Bariadi wakati barabara ile ilipokuwa ikitiwa lami anajua kwamba mchepuo hutoka barabarani, huzunguka penye kazi, na kurudi barabara ile ile. Lakini mchepuo tayari una kazi shuleni, tunaposema mchepuo wa sayansi. Na nduguye, mchepuko, amepewa mitaani maana ya mpenzi wa nje ya ndoa, kiasi kwamba hakuna darasa litakalosikia habari za kuunganisha michepuko bila ya kuangua kicheko. Twaona basi tawi libaki. Msimbo mkuu tungeuita tawi kuu wala si shina, maana katika muundo wa Chama shina liko chini ya tawi, na msomaji aliyezoea muundo huo angeelewa mambo juu chini.

Dhana ya pili ndiyo yenye uzito. Kile kinachoandikwa katika daftari si kasoro daima; huenda likawa swali au ombi. Neno suala ni pana mno. Sisi twapendekeza hoja, kwa sababu limekwisha kuishi na kitenzi chake katika ofisi zetu. Mtumishi wa halmashauri yoyote kati ya sita za Mkoa wa Simiyu, iwe ya Mji wa Bariadi, ya Wilaya ya Bariadi, Busega, Itilima, Maswa au Meatu, anajua hoja ya ukaguzi ni nini. Hutolewa na wakaguzi wa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ina namba, hujibiwa, na hatimaye hufungwa au hubaki wazi.

Hapa ndipo istilahi inapotudai uangalifu. Katika ukaguzi, anayejibu hoja siye anayeifunga. Mhasibu hujibu na kuleta vielelezo. Mkaguzi huhakiki, naye akiridhika ndipo hoja hufungwa. Katika ghala la msimbo, maneno ya yule yule aliyejibu hufunga hoja mara tawi lake linapounganishwa. Tuchukue mfano wa zahanati inayoripoti kwamba programu ya dawa inahesabu akiba vibaya. Msimbo ukisahihishwa na kuunganishwa, hoja inafungwa papo hapo, ilhali kompyuta ya zahanati ingali inatumia toleo la zamani na dawa zingali zikihesabiwa vibaya. Kwa hiyo haifai hata kidogo kutafsiri hali hiyo kuwa “tatizo limekwisha”. Iandikwe “hoja imefungwa”, na pawe na hali nyingine, “imehakikiwa”, itakayoandikwa na mletaji wa hoja mwenyewe. Wenye kuona hatari hii ni kubwa wanaweza kuuzima ufungaji huo katika mipangilio ya ghala.

Kuhusu kitendo chenyewe, wapo wasemao “hoja hujifunga”. Kisarufi hakuna kosa, ila kwa mpenzi wa kandanda kujifunga ni kutia mpira katika lango lako mwenyewe. “Hoja hufungwa na mtambo” yatosha.

Yabaki maneno ya amri. GitHub inatambua maneno tisa tu, yote ya Kiingereza: vitenzi vitatu, kila kimoja katika maumbo matatu. Aandikaye Kiswahili hapo hasikilizwi. Katika GitLab iliyosimikwa kwenye mtambo wa ofisi yenyewe, msimamizi anaweza kubadili kanuni ya utambuzi na kuweka maneno ayatakayo. Twashauri liwekwe neno moja, “funga”, litambuliwe pale tu linaposimama peke yake mbele ya namba. Kiingereza hukanusha kwa neno la kando, na mtambo usiolijali huifunga hoja ambayo mwandishi amesema wazi kuwa haikutatuliwa. Kiswahili hukanusha ndani ya kitenzi: haifungi, haijafunga, usifunge. Hakuna hata moja kati ya hayo litakalosomwa kuwa “funga”. Isipokuwa mwandishi akiandika “usije ukaifunga” ama “bado kufunga”, nayo pia yatapita salama, kwa kuwa kiambishi kimeshikamana na mzizi. Kinachohitaji kukatazwa katika mwongozo ni “si funga” iliyotenganishwa, ambayo kwa bahati mbaya imeanza kuzoeleka katika ujumbe wa simu.