Nafasi ya chaneli ya saa iko mezani kwa fundi

Mpenzi wa saa za mkononi anayetaka kufungua chaneli leo anakuta viti vya mbele vimeshakaliwa. Kwa Kiingereza pekee wachambuzi wa Rolex, Omega na Patek Philippe hawana idadi, kila mmoja na kamera yake nzuri na orodha yake ya saa kumi bora za mwaka. Anayeanza huona njia rahisi ni kuyaleta yayo hayo kwa Kiswahili: anafungua boksi, anasoma kipimo cha kasha, anataja bei kwa dola, basi. Baada ya miezi michache anashangaa mbona watazamaji hawaongezeki, au wanaongezeka lakini hakuna senti inayoingia. Nafasi iliyo wazi kwa mtu wa Afrika Mashariki haiko kwenye saa ya anasa. Iko kwa mnunuzi wa saa iliyokwisha kuvaliwa, asiyejua kama anachouziwa ndicho chenyewe, na kwa fundi wa pembeni mwa barabara ambaye anajua ila hajawahi kuulizwa mbele ya kamera.

Tuanze na fedha, maana hapo ndipo wengi hujidanganya. Hodinkee, iliyoanzishwa na Benjamin Clymer mwaka 2008, ndiyo iliyoonyesha kwamba habari za saa mtandaoni zinaweza kuwa biashara kubwa. Mwaka 2020 ilikusanya dola milioni 40 za wawekezaji, mwaka uliofuata ikanunua Crown & Caliber, kampuni ya saa zilizotumika, na Oktoba 2024 yenyewe ikanunuliwa na Watches of Switzerland, muuzaji mkubwa wa saa wa Uingereza. Teddy Baldassarre wa Marekani naye alianza na video za YouTube. Leo ana duka lenye idhini ya kuuza chapa kadhaa. Wote wawili walijenga jina kwa maneno, kisha wakageukia kuuza bidhaa. YouTube humpa mwenye chaneli asilimia 55 ya mapato ya matangazo yanayopita kwenye video zake ndefu, na kama fungu hilo lingetosha, watu hawa wasingehangaika na maghala na kaunta.

Anasa ina kikwazo kingine. Mwaka 2023 Uswisi iliuza nje saa zenye thamani ya faranga bilioni 26.7, kiwango ambacho haikuwahi kukifikia. Mwaka 2024 idadi ya saa ilishuka kutoka takriban milioni 16.9 hadi milioni 15.3, lakini thamani yake ilipungua kwa chini ya asilimia 3 tu. Saa zinazidi kuwa chache na ghali. Kiwanda kinachoishi hivyo hakitafuti umati. Kinatafuta wanunuzi wachache wenye fedha na kuwafuata walipo, kama Dubai, ambako maonyesho ya Dubai Watch Week yalianza mwaka 2015. Mchambuzi wa saa hizo huazimwa saa, huirudisha, na anajua kwamba akiisema vibaya sana huenda asiazimwe nyingine. Chaneli ya Dar es Salaam au Mombasa isiyoazimwa chochote itabaki kusoma matangazo ya wenye mali.

Huku kwetu vilivyo mikononi mwa watu ni vingine: Casio F-91W iliyotoka mwaka 1989, Seiko 5 ambayo ukoo wake ulianza 1963, Citizen, Orient, na saa za betri zenye majina ambayo hata muuzaji hayatamki sawasawa. Nyingi zimefika bila risiti. Moja ililetwa na mjomba aliyerudi kutoka Muscat, nyingine imo katika mzigo wa mfanyabiashara aliyefunga safari ya Dubai, nyingine ni ya marehemu babu na imelala kabatini miaka. Thamani ya kila moja inategemea swali moja tu, kama ni orijino au la, na kulijibu swali hilo kunahitaji maarifa ambayo kwa Kiswahili ni adimu kuyakuta yamewekwa mahali pamoja.

Maarifa yenyewe si ya kubahatisha. Chukua Seiko 5 yenye mashine ya 7S26, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1996. Mashine hii haijazwi kwa vidole: ukizungusha kitufe cha pembeni kikiwa ndani, hakuna kinachotokea, kwa sababu inajijaza mkono wa mvaaji unapocheza. Ukivuta kitufe hadi mwisho ili kurekebisha majira, mshale wa sekunde hausimami. Basi muuzaji akiapa kwamba ni 7S26 na sekunde ikasimama, kuna jambo: ama imetiwa mashine nyingine, pengine 4R36 ya kizazi cha baadaye ambayo husimama na hujazwa kwa mkono, ama si Seiko kabisa. Igeuze. Mfuniko wa nyuma una namba mbili zilizounganishwa kwa kistari, ya kwanza ya mashine, ya pili ya kasha. Karibu yake kuna namba ya mfululizo: tarakimu ya kwanza ni mwaka na inayofuata ni mwezi, Oktoba ikiandikwa 0, Novemba N, Desemba D. Mwaka umepewa tarakimu moja tu, kwa hiyo 4 inaweza kuwa 2004 au 2014, na anayekutajia mwaka kwa uhakika kwa kutazama namba hiyo peke yake anakudanganya au anajidanganya.

Sasa rudi mbele na usome maandishi madogo mno yaliyo chini kabisa ya uso wa saa, karibu na 6. Nayo hutaja mashine. Yakipingana na ya nyuma, uso au mfuniko umetoka kwenye saa nyingine. Yakiwa hayapo, au herufi zake zimevimba kama za kuchorwa kwa mkono, huku uso unang'aa kwa rangi mpya ilhali kasha limejaa mikwaruzo, yaelekea umepakwa upya. India inafahamika kwa saa za namna hiyo, za Seiko na za HMT, kampuni ya serikali ambayo biashara yake ya saa ilifungwa mwaka 2016. Hata dirisha la siku lina la kusema: Seiko 5 zilizolengwa soko la Ghuba huandika siku kwa Kiingereza na Kiarabu, na saa inayosemekana ilinunuliwa Oman miaka ya tisini lakini haina Ijumaa ya Kiarabu inastahili swali moja zaidi. Hizo tayari ni video sita au saba, na hatujaigusa Citizen.

Casio ni rahisi zaidi, na huenda ndiyo ingeleta watazamaji wengi mwanzoni. Kwenye F-91W halisi, ukibonyeza kitufe cha kulia na kukishikilia sekunde tatu, kioo huandika jina la kampuni. Taa yake ni ndogo, ya kijani, upande wa kushoto. Ikiwaka kioo kizima kwa buluu, hiyo si yenyewe. Jaribio moja halitoshi, maana waigaji nao hujifunza, lakini majaribio mawili matatu pamoja huwachuja wengi. Kisha kuna mambo ambayo kila mwenye saa ya betri atayahitaji siku moja: kwamba betri ndogo inayotumika katika saa nyingi za mishale ni ya namba 377, ambayo pia huandikwa SR626SW, wakati F-91W hutumia CR2016, na kwamba saa iliyoandikwa mita 30 inavumilia mvua na maji ya kunawa, haikuandikiwa kuogelea. Pwani, kwenye jasho na chumvi, hilo la mwisho limeua saa nyingi.

Je, watu watakaa kutazama fundi akifungua saa? Wanakaa. Chaneli ya Wristwatch Revival ni ya Marshall Sutcliffe, aliyejulikana kwanza kama mtangazaji wa mashindano ya mchezo wa karata wa Magic: The Gathering. Hakusomea ufundi wa saa. Anaifungua saa iliyokufa, anaiosha kipande kwa kipande, anaifunga, inatembea, na maelfu kwa maelfu wanamfuata hadi mwisho bila bei ya kutisha wala jina la tajiri. Asichoweza kuwapa ni bei ya Kariakoo au Luthuli Avenue, wala fundi ambaye mtazamaji anaweza kumfikia kwa daladala au matatu.

Kuna watakaosema saa yenyewe imekufa, simu imeiua. Mwaka 2019 wachambuzi wa soko walikadiria kuwa Apple iliuza saa zake milioni 31 hivi, na Uswisi nzima milioni 21. Takwimu hiyo kwa kawaida hutajwa kama kilio cha Waswisi, lakini inaonyesha pia kwamba mkono haujaachwa mtupu. Zaidi ya hapo, kama simu imechukua kazi ya kutaja majira, basi anayenunua Seiko leo anainunua kwa heshima, kwa pambo, kwa zawadi ya harusi, na mtu wa namna hiyo huumizwa na feki kuliko yule aliyetaka kujua saa ngapi tu.

Pingamizi la kwamba utawafundisha waigaji silioni kuwa zito. Siri hizi ziko wazi kwa Kiingereza kwa miaka; asiyezijua ni mnunuzi. La mapato lina uzito zaidi. YouTube haianzi kugawa fedha za matangazo mpaka chaneli ipate wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi kumi na miwili, au, badala ya saa hizo, video fupi zitazamwe mara milioni 10 ndani ya siku 90, na hata baada ya hapo mtangazaji hulipa kidogo kumfikia mtazamaji wa Tanga kuliko wa London. Ndiyo maana nasema video iwe mlango tu. Kipato kitoke kwenye ada ndogo ya ukaguzi kabla ya kununua, inayolipwa kwa simu, kwenye mikanda na betri, na kwenye saa zilizosafishwa zinazouzwa na dhamana iliyoandikwa. Ukaguzi wa picha una mpaka wake, maana picha ya nje haionyeshi mashine, na mpaka huo utajwe kabla ya kupokea ada. Tena, chaneli ikishaanza kuuza, haiwezi kuwa mwamuzi wa bidhaa yake yenyewe. Iseme wazi kila mara kwamba saa hii ni ya kwetu na tunaiuza.

Linalonitia shaka zaidi ni fundi mwenyewe. Anaishi kwa kile anachokijua na wengine hawakijui; kwa nini akimwage bure? Na wapo mafundi, tusifichane, ambao hung'oa kipande kizuri cha mteja na kuweka kibovu, na hao hawatapenda kamera. Aliye mwaminifu ana la kupata: jina lake, mahali pa meza yake na kazi yake kuonekana na watu ambao wasingepita mtaa huo. Lakini kuonekana hakununui unga. Mwenye chaneli anayempiga picha fundi, akapata wafuasi na kumwachia shukrani, atabaki bila fundi, na bila fundi hana cha kuonyesha.

Kwa hiyo anayetaka kuanza asikimbilie kamera. Aende kwa mafundi watatu wanne, apeleke saa moja mbovu kwa kila mmoja, aone nani anaeleza alichokifanya na nani anarudisha vipande vilevile. Aliyempenda, wakubaliane kwa maandishi mgawo wa ada na wa mauzo kabla ya video ya kwanza. Na hesabu ziwekwe tangu siku hiyo: Kenya, tangu sheria ya fedha ya 2023, malipo ya maudhui ya mtandaoni kwa mkazi hukatwa kodi ya asilimia 5, na Tanzania imekuwa na kanuni za maudhui mtandaoni tangu 2018 ambazo zimerekebishwa zaidi ya mara moja, hivyo waulize TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo, ni ipi inayowahusu kabla ya kurusha chochote.