Mguu Unaoanzia Mfupani: Utangulizi

Kuna taaluma ambayo haijatimiza nusu karne, lakini imekwisha kubadilisha maisha ya watu waliokata tamaa ya kutembea. Swali lake ni moja: je, mguu au mkono bandia unaweza kushikizwa kwenye mfupa wenyewe, badala ya kuvalishwa juu ya ngozi?

Ili uone uzito wa swali hilo, tuanze na njia ya kawaida. Mtu aliyekatwa mguu juu ya goti huingiza kigutu chake ndani ya soketi, na soketi ndiyo inayoshika mguu bandia. Uzito wa mwili hupita kwenye ngozi na nyama laini, ambazo hazikuumbwa kwa kazi hiyo. Jasho hujaa, ngozi huchubuka, vidonda huchimbika. Kigutu nacho huvimba na kupungua, hata soketi iliyomkaa mtu vizuri mwaka jana ikampwaya leo. Mwenye kigutu kifupi sana huenda asipate pa kuishikiza kabisa. Wengi huishi vizuri na soketi. Taaluma hii ilizaliwa kwa ajili ya wale ambao soketi iliwashinda.

Mlango wake ulifunguka bila kutafutwa. Katika miaka ya 1950, nchini Uswidi, mtafiti Per-Ingvar Brånemark alichunguza mzunguko wa damu kwenye mifupa ya sungura kwa vifaa vidogo vya titani alivyovipandikiza humo. Alipotaka kuvitoa, havikutoka: mfupa ulikuwa umekua na kuving'ang'ania. Mwaka 1965 alimwekea mgonjwa wa kwanza mizizi ya meno ya titani. Mwaka 1990, mjini Göteborg, elimu hiyo ilitumika kwa mara ya kwanza kwa mtu aliyekatwa mguu juu ya goti, na mwana wa Per-Ingvar, daktari Rickard Brånemark, akaiendeleza.

Titani hujifunika utando mwembamba wa oksidi, na seli zinazojenga mfupa hufanya kazi juu yake bila kudhurika. Sharti ni kwamba kipandikizi kitulie. Kikichezacheza siku za mwanzo, mwili hukizungushia kovu laini badala ya mfupa. Kwa sababu hiyo mbinu ya Göteborg iligawanywa katika operesheni mbili. Katika ya kwanza, kipande chenye hesi hukazwa ndani ya mfupa wa paja na ngozi hufungwa. Baada ya takriban miezi 6, katika ya pili, huunganishwa fimbo inayochomoza nje. Kisha mgonjwa hukanyagia mizani ya kupimia uzito, akianza na kilo chache na kuongeza wiki kwa wiki. Mfupa ni tishu hai: ukikosa mzigo hudhoofika, ukipewa kwa kipimo huimarika, ukielemewa mapema huachia. Nchini Ujerumani na Australia, wapasuaji walipendelea kipandikizi kinachobanwa kwa nguvu ndani ya mfupa, ili mgonjwa aanze kukanyaga mapema zaidi. Mjadala kati ya njia hizi mbili ungali moto.

Mfupa umekubali, ngozi bado. Pale fimbo inapotokea, kinga kongwe ya mwili ina tundu lisilozibika, na vijidudu hulijua. Maambukizi ya juujuu hutokea mara kwa mara, na mengi hutulizwa kwa usafi na antibiotiki. Yanayofika mfupani ni machache, lakini yanaweza kulazimisha kipandikizi kitolewe. Watafiti wa London walikwenda kujifunza kwa pembe za kulungu wa Ulaya, ambazo ni mfupa unaochomoza kupitia ngozi bila kuoza, wakabuni kipandikizi ambacho ngozi inaweza kukishika. Hata hivyo, tatizo hili halijamalizwa, na ndilo linalomngoja zaidi mtafiti kijana.

Faida nayo ni kubwa. Kiungo huvaliwa na kuvuliwa kwa dakika chache, nyonga hukunjika kwa uhuru, na kukaa kitini hakuumizi tena. Mitikisiko ya ardhi hupanda kupitia mfupa, hata mtu akaweza kutofautisha zulia na kokoto bila kutazama. Mwaka 2013, huko Uswidi, kipandikizi cha mkono kilipitishiwa nyaya zilizounganishwa na misuli na neva, ili mkono bandia uongozwe kutoka ndani ya mwili. Mwaka 2020 mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani iliidhinisha rasmi kipandikizi cha Göteborg kwa waliokatwa mguu juu ya goti.

Kwa wewe unayesoma ukiwa Afrika Mashariki, nina ombi. Usiione elimu hii kuwa mbadala wa ufundi wa soketi, ule unaofundishwa Moshi, penye hospitali ya KCMC, tangu mwaka 1981. Anayewekewa kipandikizi atahitaji uangalizi maisha yake yote: kidonda kitazamwe, picha za eksirei zipigwe, vipuri vinavyopinda au kuvunjika vibadilishwe. Tukianza na operesheni kabla ya kujenga uangalizi huo, tutamwachia mgonjwa hatari ambayo hakuwa nayo. Basi jifunze soketi kwanza, uijue mpaka pale inapokomea. Hapo utamtambua yule anayehitaji mfupa wake ushike kazi, nawe utakuwa na haki ya kumshauri.