Usingoje Chakula Kikwame Kooni

Mgonjwa huanza kwa kushindwa na ugali. Huhamia uji, na mwishowe hata maji humshinda. Anapofikishwa hospitalini, mara nyingi saratani ya umio, yaani njia ipitishayo chakula hadi tumboni, huwa imeshakomaa.

Lakini maradhi haya hayaanzi siku moja. Kwanza utando wa ndani wa umio hubadilika polepole, bila maumivu. Mwaka wa 2016 madaktari wa Hospitali ya Tenwek, Bomet, na wenzao walichapisha uchunguzi wa watu 305 wasiokuwa na dalili zozote. Asilimia 14.4 walipatikana na mabadiliko hayo. Si wote watakaougua saratani, ila mabadiliko makubwa hayafai kupuuzwa.

Je, hutibiwaje? Daktari hupitisha mdomoni mpira mwembamba wenye kamera, kisha hunyunyizia umio dawa ya ayodini. Penye afya hugeuka kahawia. Penye kasoro hubaki pamepauka. Kwa kupitia mpira huohuo, sehemu hiyo hufungwa kwa kijipete na kukatwa, au huchomwa kwa joto. Kifua hakipasuliwi. Hata hivyo, damu yaweza kutoka au umio ukabana, hivyo mgonjwa hurudi kuangaliwa.

Ikiwa mzazi au ndugu yako aliugua saratani hii, muulize daktari kuhusu uchunguzi mapema. Chai nayo iache ipoe kidogo, na sigara na pombe ziepuke. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.