Kompyuta inapogoma baada ya kuongezwa kasi

Na Mwandishi Wetu

WATUMIAJI wengi wa kompyuta za nyumbani huvutiwa na uwezekano wa kuifanya prosesa ikimbie kupita kasi iliyopangwa kiwandani, bila kununua nyingine. Kazi hiyo, ambayo mafundi huiita ovakloki, yaweza kuleta manufaa. Hata hivyo, ikifanywa bila mpangilio humwachia mwenyewe mashine isiyowaka au, baya zaidi, mashine inayowaka huku ikiharibu mafaili yake kimya kimya.

Mfano mashuhuri ni prosesa ya Celeron 300A iliyotolewa na kampuni ya Intel mwaka 1998. Kasi yake ya megahezi 300 ilipatikana kwa kuzidisha kasi ya njia kuu ya ubao, yaani megahezi 66, kwa 4.5. Wapenzi wa kompyuta waliipandisha njia hiyo hadi megahezi 100, na prosesa nyingi za aina hiyo zikafanya kazi kwa megahezi 450.

Wengine walichagua megahezi 83 wakidhani wanachukua tahadhari. Kumbe katika mbao nyingi za wakati huo, njia inayohudumia kadi na diski ilipata kasi yake kwa kugawanya kasi ya njia kuu. Megahezi 100 ziligawanywa kwa tatu, ikabaki 33 inayostahili. Lakini 83 ziligawanywa kwa mbili, ikawa zaidi ya 41. Prosesa ilistahimili, ila data katika diski zikaweza kuharibika. Hivyo basi, si kila hitilafu hutokana na prosesa yenyewe.

Haina picha

Iwapo feni zinazunguka lakini skrini ni nyeusi, usikimbilie kununua prosesa mpya. Mbao nyingi za sasa hurudi zenyewe katika mipangilio ya awali baada ya kushindwa kuwaka mara kadhaa. Isipokuwa hivyo, zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, kisha toa betri ndogo ya mviringo iliyo juu ya ubao kwa dakika chache na kuirudisha. Hatua hiyo hufuta mipangilio ya BIOS, na kasi ya kiwandani hurejea.

Inaganda au kuleta skrini ya bluu

Kompyuta inayowaka vizuri kisha ikaganda wakati wa kazi nzito, aghalabu ina kasi isiyolingana na umeme inaoupata. Tiba ya kwanza ni kupunguza kasi kwa hatua moja. Kuongeza volti ni tiba ya pili, tena kwa kiasi kidogo mno.

Sababu ni kwamba umeme unaotumiwa na prosesa huongezeka kulingana na kasi, na pia kulingana na mraba wa volti. Ukipandisha kasi kwa asilimia 10, na volti kutoka 1.20 hadi 1.32, matumizi ya umeme, na joto pamoja nayo, huongezeka kwa takriban theluthi moja.

Inapungua kasi au kujizima

Prosesa za kisasa hujilinda. Zinapokaribia nyuzi joto 95 au 100 za Selsiasi, kutegemea aina, hupunguza kasi zenyewe, na joto likizidi huzima. Ndiyo maana kompyuta iliyoongezwa kasi huweza kufanya kazi polepole kuliko awali. Safisha vumbi, hakikisha kipozeo kimekaa sawasawa, na ubadilishe pesti ya kupitishia joto iliyokauka. Wakazi wa miji yenye joto kama Dar es Salaam na Mombasa wakumbuke kwamba feni haiwezi kuishusha prosesa chini ya joto la chumba.

Ikiwa joto ni la kawaida lakini mashine inajizima ghafla, chunguza pawasaplai, huenda imezidiwa. Usiifungue, kwani huhifadhi umeme wa hatari hata baada ya kuchomolewa.

Makosa yasiyoonekana

Kuwaka kwa Windows si uthibitisho wa uzima. Jaribu kumbukumbu kwa programu ya Memtest86 na prosesa kwa Prime95, kwa saa kadhaa. Kosa hata moja ni ishara ya kurudi nyuma.

Kabla ya yote, hifadhi nakala ya mafaili muhimu nje ya kompyuta hiyo. Badilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja na uliandike daftarini, ili hitilafu ikitokea chanzo kijulikane. Fahamu pia kwamba waranti nyingi hazigharamii prosesa iliyoharibika kwa kuongezwa kasi.

Mashine inayotunza hesabu za duka au tasnifu ya mwanafunzi haifai kufanyiwa majaribio haya. Kwa wenye kompyuta ya ziada, wahenga walishasema kuwa mwenda pole hajikwai.